Kilichokuwa kinaishi kwenye fizi zangu

Karibu mwaka mzima nilikuwa natema povu la rangi ya waridi kila asubuhi na sikufanya lolote. Ilianza chini kushoto, nyuma kule kwenye magego, kamstari kembamba ka damu kwenye mswaki, basi, unasukutua unaendelea na siku yako. Nilipomwambia mama kwenye simu akasema mwanangu hicho kiseyeye, kula matunda kwa wingi, na hapo panapotoka damu usipasugue, paache papone penyewe. Nikapaacha. Na kweli damu ilipungua siku mbili tatu nikaona mama yuko sahihi, alafu ikarudi kwa nguvu zaidi, na safari hii ikaja na harufu, ile harufu ambayo mwenyewe huisikii mpaka upitishe uzi katikati ya meno alafu uunuse ule uzi.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu watu watatu wameniuliza kitu kile kile, fizi ikitoa damu niipumzishe au niendelee kupiga mswaki? Jibu fupi ni endelea, tena hapo hapo panapotoka damu, taratibu lakini hapo hapo. Ila mimi jibu fupi nilishawahi kuambiwa na halikunisaidia. Kilichonibadilisha ni jibu refu, kwa sababu jibu refu linahusu hao wanaoishi pale na jinsi wanavyopokezana nyumba.

Siku niliyoenda hatimaye kwa daktari wa meno, cha kwanza alichofanya ni kuchukua kifimbo chembamba cha chuma chenye alama za milimita akawa anakiingiza taratibu kati ya ufizi na jino, jino baada ya jino, huku anamtajia namba msaidizi wake anaandika. Mbili, mbili, tatu. Mbili, tatu, mbili. Unalala pale mdomo wazi unasikiliza namba kama mtu anasomewa matokeo. Alipofika kule nyuma kushoto zikabadilika, nne, tano, nne, damu, damu. Baadae akanieleza kwamba kila jino lina kamtaro kadogo kulizunguka, pale ufizi unapoliegemea, na kwenye fizi yenye afya kamtaro hako ni kati ya milimita 1 na 3 hivi. Kikianza kuwa kirefu, 4 na kuendelea, wenyewe wanaita mfuko, na mfuko ni sehemu ambayo mswaki haufiki.

Alafu akafanya kitu ambacho alisema wala hakihitajiki kujua ugonjwa, huwa anawaonyesha watu tu kwa kuwa ameona kinawasaidia kuelewa. Akachukua ncha ya chombo chake akakwangua kidogo sana mbele juu, jino ambalo halikuwa na shida, akapaka kwenye kioo, akaweka chini ya darubini iliyounganishwa na skrini. Nikaona vitone vya mviringo vingi vimetulia, vingine vimeshikana kama shanga kwenye uzi, na vijiti vifupi vifupi, hakuna kinachoenda popote. Akatoa kioo, akakwangua kule nyuma kwenye zile tano, akaweka kioo kingine. "Dada, hebu angalia na hapa."

Sijui nielezeje. Kila kitu kilikuwa kinatembea. Kulikuwa na vinyuzi vyembamba vilivyojisokota kama waya wa springi, vinajipinda vinajinyoosha, vinapita katikati ya vingine kwa kasi, vingi mpaka jicho halijui lifuate kipi, na vijiti vinavyotikisika, na vile virefu vilivyochongoka pande zote mbili, na chembe kubwa kubwa za mviringo ambazo alisema ni chembe nyeupe za damu yangu mwenyewe zimekuja kupigana. Nikamuuliza hivi vioo viwili vinatoka mdomo mmoja kweli? Akasema mdomo mmoja dada, sentimita chache tu toka hapa mpaka hapo.

Hiyo sentence sijaweza kuiacha. Sentimita chache. Mate ni yale yale, ulimi ni ule ule, chakula ni kile kile, lakini mbele kuna mji mmoja na nyuma kuna mji mwingine kabisa. Nikaanza kusoma, na nilichokuja kuelewa ni kwamba ile safari ya kutoka jino la mbele mpaka gego la nyuma ndio ile ile safari ambayo sehemu moja ya ufizi inapitia siku hadi siku ikiachwa bila kusafishwa. Mimi niliiona kwa nafasi, ila yenyewe huwa inatokea kwa muda.

Tuanze na jino safi. Jino lina kitu cha pekee kwenye mwili wako, halibanduki. Ngozi inabanduka, ulimi na mashavu kwa ndani yanabanduka chembe zake kila wakati, kwahiyo bakteria aliyejishikiza hapo anaondoka nazo anamezwa. Jino linakaa vile vile. Ukimaliza tu kupiga mswaki, ndani ya dakika chache protini za mate zinajipaka juu ya jino utando mwembamba ambao huwezi kuuona, na huo utando ndio unaokuwa kama gundi. Wa kwanza kufika ni jamii ya streptokoki, wale wa mviringo wanaopenda kukaa kwenye minyororo, akina Streptococcus sanguinis, Streptococcus oralis, Streptococcus mitis, pamoja na Actinomyces. Hawa ndio niliowaona kwenye kioo cha kwanza, wenyeji wa kawaida wa mdomo wenye afya. Wanatumia sukari kidogo inayopita, wanavumilia oksijeni, na kwa kujaza nafasi wanawazuia wengine wasikae. Sitaki mtu asome hapa aondoke anadhani lengo ni kuwaua wote, mdomo hauwezi kuwa hauna bakteria na wala hatutaki uwe hivyo.

Sasa ukiacha.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kwenye chuo cha udaktari wa meno kule Aarhus, Denmark, walifanya jaribio ambalo likisimuliwa linaonekana dogo. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Hakuna mswaki, hakuna chochote. Alafu wakawa wanachukua sampuli za ukoga, yaani ule utando wa bakteria juu ya jino, na kuangalia fizi. Wote 12 wakapata uvimbe wa fizi, wengine ndani ya siku 10 tu, wengine ikafika siku 21. Wakarudishiwa miswaki, na ndani ya wiki moja hivi fizi zikarudi vizuri. Mpaka hapo wengi waliokuwa wanabishana kama ukoga ndio unaosababisha uvimbe au ni mambo mengine ya mwili walipata jibu, lakini mimi kilichonishika zaidi ni ile sehemu ya bakteria, maana waliwahesabu kwa darubini kadri siku zinavyokwenda na wakaona mpangilio. Siku mbili za mwanzo wale wale wa mviringo na vijiti vifupi wanaongezeka sana. Kufikia siku ya pili mpaka ya nne wanaanza kuonekana wale warefu, nyuzi nyuzi na fusobakteria, wale waliochongoka pande mbili. Alafu kuanzia siku ya nne mpaka ya tisa wanaingia wanaojipinda na wale wa springi, spirokiti. Na hii yote inatokea kabla hujaona fizi imekuwa nyekundu. Yaani unapoona damu, kule chini wapangaji walishabadilika siku nyingi.

Kwanini wanakuja kwa mpangilio huo na sio wowote tu? Hapa ndipo nilikaa sana maana hapa ndio penye utamu wote.

Fikiria ule utando unavyokuwa mnene. Miligramu moja tu ya ukoga inaweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni 100, na wale walioko juu wanapumua oksijeni yote, kwahiyo wa chini wanabaki kwenye giza lisilo na hewa. Kwa wa kwanza kufika hilo ni tatizo, kwa wengine huo ndio mlango kufunguliwa, kwa sababu kuna bakteria ambao oksijeni kwao ni sumu, hawakuweza kuishi pale siku ya kwanza hata wangetaka. Wenzao wamewatengenezea chumba. Alafu kuna Veillonella ambaye yeye sukari haitumii kabisa, anakula asidi ya laktiki wanayoitoa streptokoki, taka ya mmoja ni chakula cha mwingine. Na kuna Fusobacterium nucleatum, yule mrefu aliyechongoka, huyu kwa jinsi nilivyomuelewa ni daraja, mwilini kwake ana protini za kushikia ambazo zinashika wale wa mwanzo upande huu na wale wa mwisho upande ule. Wale wa mwisho wengi wao hawana uwezo mzuri wa kushika jino moja kwa moja, ila Fusobacterium akishakaa wanamshika yeye. Ndio maana yeye anatokea katikati ya hadithi, sio mwanzo na sio mwisho.

Wakati hayo yanaendelea mwili wako haujalala. Ufizi unanusa, siwezi kutumia neno lingine, unanusa vipande vya kuta za bakteria vinavyopenya, mishipa midogo ya damu inatanuka, ufizi unajaa unakuwa mwekundu, na chembe nyeupe zinaanza kutoka kwenye damu zinapita katikati ya chembe za ufizi mpaka kwenye kamtaro. Pamoja nazo kunavuja majimaji. Hata kwenye fizi nzima yapo kidogo sana lakini kwenye fizi iliyovimba yanaongezeka, na mwili unayapeleka pale kwa nia njema kabisa, yamebeba kingamwili na silaha za kupigana.

Tatizo ni kwamba hayo majimaji yamejaa protini. Na damu ina chuma.

Soma hiyo tena taratibu maana hapa ndipo mimi nilipofunga kompyuta nikaenda kuangalia fizi zangu kwenye kioo cha bafuni na tochi ya simu. Wale wa siku ya kwanza wanaishi kwa sukari. Wale wa siku za mwisho, akina Porphyromonas gingivalis, sukari haina kazi kwao, wao wanakula protini, na chuma wanakichukua kutoka kwenye damu. Porphyromonas gingivalis ana vimeng'enya vyake maalum vya kukata protini, anakata mpaka hemoglobini anachukua kile chenye chuma anajirundikia juu ya mwili wake, ndio maana akioteshwa maabara kwenye sahani yenye damu anaota makoloni meusi. Kwahiyo uvimbe ambao mwili umeuleta kumfukuza ndio unaomlisha. Ufizi ukivuja damu kila siku mtaro ule unakuwa umeandaliwa meza, na kwa kuwa ufizi umevimba mtaro wenyewe umekuwa mrefu zaidi, hewa kidogo zaidi, joto limepanda kidogo, na wao wakivunja protini wanatoa amonia, amonia inapunguza uasidi, pH inapanda juu ya 7, na hali hiyo wale wa mwanzo haiwafurahishi sana lakini huyu ndio anakua vizuri. Kila anachofanya kinaifanya sehemu iwe yake zaidi. Na ile harufu ya kwenye uzi? Hizo ni gesi za salfa, haidrojeni salfaidi na methaili mekaptani, zinatoka kwenye hizo protini zinazovunjwa. Nilikuwa nanusa mlo wao.

Sasa fikiria ushauri wa kupaacha papone. Mama yangu alinipa kwa upendo na ndio ushauri ambao karibu kila mtu anautoa, kidonda usikisugue, kwa kidonda cha mguuni ni sawa kabisa. Ila hapa kila siku niliyopaacha utando ulizidi kunenepa, hewa ikapungua, majimaji yakaongezeka, na wale wa springi wakapata siku nyingine. Halafu kuhusu lile neno kiseyeye, nalo linachanganya watu kwa sababu kiseyeye chenyewe ni ugonjwa wa kukosa vitamini C na upo kweli, ila fizi nyingi zinazotoa damu hazijakosa vitamini, zimekaa na ukoga.

Mwaka 1998 Sigmund Socransky na wenzake wa Boston, Marekani walitoa kazi ambayo kila daktari wa fizi anaijua. Walichambua sampuli 13,261 za ukoga kutoka kwa watu 185, wakaangalia bakteria gani huwa wanapatikana pamoja, wakawapanga kwenye makundi wakayapa rangi. Njano ndio wale streptokoki. Kundi la machungwa ndilo lina Fusobacterium nucleatum na Prevotella intermedia. Kundi jekundu lina watatu tu, Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola, na huyu Treponema ndio mmoja wa wale wa springi. Walichoona ni kwamba wekundu ni nadra kuwakuta mahali ambapo hakuna wa machungwa, ni kama wa machungwa wanatangulia kufungua njia, na wekundu ndio waliokuwa wanaendana zaidi na mifuko mirefu na fizi zinazotoka damu. Nilipouona mchoro wa hayo makundi, piramidi ya rangi, nikakumbuka vioo vyangu viwili moja kwa moja.

Lakini usije ukaishia kusema basi tatizo ni wale watatu, tuwaue hao. Kuna kazi ya mwaka 2011 ya George Hajishengallis na wenzake kwa panya, walimweka Porphyromonas gingivalis mdomoni mwa panya wa kawaida, hata kwa idadi ndogo sana ukilinganisha na bakteria wengine, na mfupa unaoshikilia meno ukaanza kuliwa. Walipomweka peke yake kwenye panya waliokuzwa bila bakteria wowote, hakuna mfupa ulioliwa. Yeye peke yake hakuweza. Anachofanya ni kuvuruga kinga pale, anaizuia isiue vizuri huku anaiacha iendelee kuwasha moto, na bakteria wengine wa kawaida kabisa wanaongezeka na kubadilika tabia. Kwahiyo wakosaji ni mtaa mzima uliobadilishwa mazingira. Philip Marsh wa Uingereza alishasema kitu cha namna hii miaka ya 90, kwamba mazingira yakibadilika ndio wanaoshinda wanabadilika, na ukitaka kutibu usihangaike na mdudu mmoja, badilisha mazingira. Kwangu mimi hii ndio sentensi kubwa kuliko zote kwenye somo hili.

Kitu kingine kilichonishangaza, tumezoea kusikia kwamba tumboni ukiwa na aina nyingi za bakteria ndio afya na zikipungua ndio ugonjwa. Kwenye fizi ni kinyume. Fizi ikivimba aina zinaongezeka, kwa sababu pale penye mtaro mfupi usio na chakula sasa pana vyumba vingi na meza imejaa, wale wa zamani wengi bado wapo ila wamekuwa wachache kati ya wengi. Mdomoni mwa binadamu kwa ujumla zimeshatambuliwa spishi zaidi ya 700, mtu mmoja hawi nazo zote, lakini hata wale wakorofi unaweza kuwakuta kidogo kidogo kwa mtu mwenye fizi nzima kabisa. Wanasubiri tu hali yao ifike.

Na haihitaji wiki mbili kuanza. Utafiti uliotoka 2021 uliofuatilia watu 40 walioacha kupiga mswaki kwa wiki nne uliona kwamba ndani ya saa 24 mpaka 72 tu bakteria wameshaanza kuhama kuelekea ule mpangilio wa fizi mbovu, na jamii ya Rothia, ambayo ni ya wenye afya, ikashuka, wakati mtu ukimwangalia mdomoni huoni kitu. Siku moja mpaka tatu. Mimi kuna wikendi nilikuwa nazipitisha hivyo hivyo kwa sababu sitoki nyumbani.

Niseme kidogo kuhusu Antonie van Leeuwenhoek, maana nilivyosoma habari zake nilihisi nakaa naye kiti kimoja. Alikuwa muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, anatengeneza darubini zake mwenyewe, na mwaka 1683 akaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu ukoga wa kwenye meno yake, akaeleza viumbe vidogo vinavyotembea. Alafu akachukua na wa mzee mmoja ambaye hajawahi kusafisha meno maisha yake yote, akakuta vingi visivyohesabika, vinaogelea kwa wepesi kuliko vyote alivyowahi kuona, na vikubwa vyao vinaupinda mwili wakati vinaenda mbele. Zaidi ya miaka 340 iliyopita, bila kujua neno bakteria, mtu ameona vioo viwili vile vile nilivyoonyeshwa mimi, wa aliyesafisha na wa asiyesafisha.

Ila sio kila mwenye uvimbe wa fizi anaishia kupoteza mfupa, na hili lazima lisemwe kwa haki ili mtu asipate hofu isiyo na sababu. Löe huyo huyo alifuatilia wanaume 480 wafanyakazi wa mashamba ya chai Sri Lanka kuanzia 1970 kwa miaka 15, watu ambao hawakuwa na utaratibu wowote wa kusafisha meno na hawakuwa na huduma ya meno. Asilimia 8 hali yao ilienda mbio sana, asilimia 81 ilienda kiasi, na asilimia 11 walibaki na uvimbe tu, haukuendelea. Ukoga mwingi sawa, matokeo tofauti, kwa sababu mwili unaopokea hao bakteria nao una sehemu yake. Kisukari kisichodhibitiwa kinaongeza moto. Sigara inaongeza hatari na wakati huo huo inaficha damu, mvutaji fizi zinamtoka damu kidogo kuliko inavyotakiwa kwahiyo ile alarm ya kwenye mswaki hailii. Dada yangu alipokuwa mjamzito fizi zilimvimba mpaka akaogopa kupiga mswaki, kumbe homoni za ujauzito zinafanya mishipa ya fizi iwe rahisi kuvimba hata kwa ukoga kidogo, na Prevotella intermedia anaweza kutumia hizo homoni zenyewe kama kirutubisho. Alijifungua zikatulia. Nawaambia wajawazito wote ninaowajua wasiache mswaki kipindi hicho na waende kuonwa, haina madhara kusafishwa meno ukiwa mjamzito.

Mimi daktari alinisafisha kwa awamu mbili. Ule ukoga wa chini ya ufizi ulishageuka ugaga, yaani chumvi za kwenye mate zimeugandisha ukawa jiwe, na hilo linaweza kuanza ndani ya siku chache tu, na likishakuwa jiwe mswaki hauliondoi hata usugue mpaka kesho, na ule ukwaruzo wake unakuwa sehemu nzuri ya wengine kujishikiza. Nikamuuliza kuhusu dawa ya kusukutua, akaniambia inasaidia juu juu lakini kwenye mfuko wa milimita 5 haiingii, na ule utando mnene unajilinda, dawa haipenyi mpaka chini, lazima uvunjwe kwa kuguswa. Akanifundisha kuweka mswaki ukiwa umelala kidogo, nywele zake zielekee pale jino linapokutana na ufizi, kutikisa kidogo kidogo badala ya kusugua kwa nguvu, na vile vibrashi vidogo vya kupita katikati ya meno kila usiku. Wiki ya kwanza nilitoka damu nyingi kuliko kawaida, kila usiku, na nilitamani kuacha. Alikuwa ameshaniambia itakuwa hivyo. Siku ya nne nikaona uzi umetoka na kidoa kimoja tu. Siku ya tisa mbele kote haukutoka na kitu, na ile harufu ilikuwa haipo, nikaunusa mara mbili nikijua nimekosea.

Nilirudi baada ya wiki nane. Kifimbo kile kile, namba zile zile anamtajia msaidizi, mbili, mbili, tatu, na nilivyokaribia kule nyuma nilikuwa nimeshika mikono ya kiti. Tatu, nne, nne. Hakuna damu kwenye mbili za mwanzo, damu kwenye moja. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeshuka kidogo hapo, na huo alisema hautarudi wenyewe, kinachowezekana ni kusimama ulipo. Nikamuomba aniwekee kioo tena. Vitone vya mviringo, vijiti, nyuzi chache. Nikahesabu vya springi, nikaona vitatu, kimoja kikapita pembeni ya skrini kikaondoka. Akasema bakteria wa kwenye mfuko wakiachwa wanajipanga upya ndani ya wiki mpaka miezi michache kwahiyo niwe narudi kila miezi mitatu kwa sasa, na hiyo sehemu moja inayotoka damu nibadilishe saizi ya kibrashi, nitumie kinene kidogo. Nimekianza jana usiku, kinaingia kwa kubana, na bado kinatoka na damu kidogo upande wa ulimi.